Mtangazaji wa Wilaya na Deni la Taifa

Mtangazaji wa redio afapo nchini mwetu, mambo hufuata njia ileile. Asubuhi mwenzake husoma taarifa kwa sauti ya majonzi. Mchana wakubwa hutuma rambirambi. Siku ya maziko hutolewa hotuba ndefu zisemazo kwamba pengo lake halitazibika. Matanga yakishaanuliwa kila mtu hurudi kazini kwake, na ile sauti iliyosifiwa kwa siku tatu haisikiki tena popote, kwa kuwa hapana aliyeihifadhi. Sisi twasema kwamba hiyo si heshima. Ni desturi ya kujiondolea lawama. Mtu aliyeiongoza wilaya nzima kwa sauti yake kwa miaka kumi au ishirini hastahili kulipwa kwa maneno ya siku tatu.

Tumekusudia kusema juu ya mtangazaji wa wilaya, na hasa yule anayehudumia Mbulu na Hanang. Juu ya watangazaji wakuu wa Dar es Salaam yamekwisha semwa mengi, na ni haki. Lakini yule apigaye muziki na kusoma salamu huku bara, ajulikanaye na kila mchunga ng'ombe na kila mama aendaye kisimani, huyo hana mtetezi. Magazeti makubwa hayamtaji. Vitabu vya utamaduni wa taifa vinampita kando. Wako hata wasomi wadhanio kwamba kumtaja katika kitabu cha namna hii ni kuushusha utamaduni, kana kwamba utamaduni ni jambo la majumba ya makumbusho peke yake. Wasomi hao wamekosea, nasi tutaonyesha walikokosea.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mbulu ni nchi ya miinuko na mabonde, yenye baridi ya asubuhi na mashamba yaliyobanana juu ya miteremko. Hanang ni nchi ya mlima mmoja mkubwa unaozidi mita 3,400, na chini yake nyanda za malisho, maziwa ya magadi, na mbuga za Basotu. Katika eneo hili dogo zimekutana jamii kuu za lugha za Afrika kwa namna isiyoonekana mahali pengi duniani. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatooga, ambao Wabarbaig ni tawi lao, husema lugha ya Kiniloti. Wanyisanzu, Wanyiramba na Wanyaturu, ambao wako jirani na wengine wamehamia humu, husema lugha za Kibantu. Na katika bonde la Yaeda wako Wahadzabe, wenye lugha ya vidokezo ambayo wataalamu hawajaweza kuithibitishia undugu na lugha nyingine yoyote. Mtu anaweza kutembea kwa siku mbili tu, akalala kwenye lugha tatu zisizofanana hata kwa neno moja.

Basi je, watu hawa wamezungumzaje wao kwa wao? Mnadani na hospitalini, shuleni na barazani, wamezungumza kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili hakikuingia nyumbani kwa amri ya serikali wala kwa kitabu cha shule peke yake. Kilibishwa hodi na redio. Mzee ambaye hakupata kukaa darasani alikizoea Kiswahili cha taarifa ya habari kabla hajaweza kukisema. Mama alijifunza maneno ya kliniki kutoka katika vipindi vya afya. Kijana alijifunza mapenzi na matani kutoka katika nyimbo za dansi. Yeyote asemaye kwamba redio ni chombo cha starehe tu, na atueleze ni shule gani nyingine iliyofundisha watu wengi kiasi hicho bila kuwaandikisha na bila kuwatoza ada.

Historia ya chombo hiki inajulikana. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, wakati wa ukoloni, yakisikika mjini na pembezoni mwake. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 serikali ya watu huru ilikichukua chombo hicho na kukiita Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sababu taifa changa lisiloweza kusema na watu wake wote kwa wakati mmoja ni taifa la jina tu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya vijijini, wakaisikiliza redio pamoja, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Hiyo ilikuwa kazi ya sauti. Hapana jeshi wala polisi aliyewasukuma.

Baadaye mambo yakageuka. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza. Tangu hapo vituo vimeenea hadi mikoani na wilayani. Vingine ni vya wafanyabiashara, vingine ni vya madhehebu ya dini, na vingine ni vya jamii zenyewe. Mbulu ina Radio Habari Njema ya Jimbo Katoliki la Mbulu. Katika mkoa huohuo wa Manyara, ambao uliundwa mwaka 2002, wafugaji wa Simanjiro wana redio yao ya ORS kule Terrat. Hivyo basi, mtangazaji ambaye zamani alikaa mbali, Barabara ya Pugu, sasa anaishi mtaa mmoja na msikilizaji wake. Wanakutana sokoni. Akikosea jina la marehemu katika tangazo la kifo, kesho yake ataulizwa na wafiwa wenyewe.

Hapo ndipo tunapokutana na pingamizi la kwanza. Wako wasemao: huyu mtangazaji wa muziki amefanya nini? Nyimbo si zake, ala si zake, chombo si chake. Kazi yake ni kuweka santuri na kuiondoa. Hata mtoto aweza.

Hoja hii inaonekana kuwa na nguvu kwa mtu ambaye hakupata kuisikiliza redio ya wilaya kwa siku nzima. Sisi twamwomba aisikilize. Atasikia kwamba kati ya wimbo na wimbo kuna kazi ya mzee wa kijiji, ya mjumbe, ya mwalimu na ya mpatanishi. Mtangazaji hutangaza kifo, hutaja ukoo, na huwaambia walio mbali siku ya maziko. Hutangaza ng'ombe aliyepotea, rangi yake na alama ya sikio lake. Huwakumbusha kina mama siku ya chanjo. Husoma salamu za kijana aliyeko machimboni kwa mama yake aliyeko Dongobesh, na kwa kuzisoma huwafanya maelfu wengine wajue kwamba mama yule hakusahauliwa na mwanawe. Kisha hupiga wimbo, na wimbo ule hauwi tena mali ya mwimbaji peke yake, bali huwa zawadi ya mtoto kwa mzazi. Ni nani aliyeugeuza wimbo kuwa zawadi, kama si mtangazaji?

Tena, kuchagua ni kazi. Mbele yake kuna nyimbo elfu, naye ana saa mbili. Anajua kwamba mwezi wa kupalilia watu wamechoka, na mwezi wa mavuno wana furaha. Anajua kwamba jana kijiji fulani kilizika watoto, basi leo hapigi muziki wa kelele. Akili ya namna hiyo haifundishwi na chombo. Wazee wa Kiiraqw wana neno slufay, yaani sala ya baraka inayotolewa na mzee mwenye ufasaha, naye huomba amani, mvua, watoto na mifugo, huku waliokusanyika wakimwitikia. Mtoaji wa slufay hakuzua maneno yote atumiayo. Mengi amerithi kwa waliomtangulia. Hata hivyo hakuna Mwiraqw awezaye kusema kwamba mzee yule hana kazi kwa kuwa maneno si yake. Heshima yake ni kuyachukua maneno ya wote na kuyasema kwa wakati upasao, kwa namna inayowafanya wote waitikie kwa pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya mtangazaji mwema. Tofauti ni kwamba waitikiao hawaonekani.

Pingamizi la pili lasema: kama mtangazaji ni hodari kweli, atakwenda Dar es Salaam, abakiaye wilayani ni yule aliyeshindwa. Fikra hii ni kasumba, na tunaikataa waziwazi. Ni masalio ya fikra za kikoloni zilizogawa nchi katika makao makuu yenye akili na mashamba yenye nguvu kazi. Na historia ya utangazaji wetu yenyewe inaikanusha.

Tumtazame Ben Kiko. Sauti yake ilijulikana nchi nzima kupitia Radio Tanzania, na jina lake halitenganishwi na Tabora alikotangazia, wala na taarifa zake za Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Hakuwa mkubwa kwa kuwa karibu na wakubwa. Alikuwa mkubwa kwa sababu alisema kama asemavyo mtu wa huku bara, na taifa zima likaona kwamba kumbe huku bara nako kuna ufasaha. Tumtazame Deborah Mwenda, ambaye kwa hadithi za kipindi cha Mama na Mwana aliwalea watoto wa kizazi kizima ambao hakupata kuwaona. Kazi yake ilikuwa ileile ya bibi aliye jikoni Kainam au Basotu, ila yeye alikuwa na wajukuu wa nchi nzima.

Na tumtazame Julius Nyaisanga, mzaliwa wa Mkoa wa Mara, ambaye wasikilizaji walimwita Anko J. Alijulikana kwanza katika Radio Tanzania Dar es Salaam. Vituo vya watu binafsi viliporuhusiwa, akawa miongoni mwa sauti zilizoijenga Radio One. Kisha, akiwa amekwisha pata sifa zote ambazo jiji linaweza kumpa mtangazaji, alikwenda Morogoro kuongoza vyombo vya utangazaji vya Abood, na huko ndiko mauti yalikomkuta tarehe 20 Oktoba 2013. Wale wasemao kwamba ukubwa wa mtangazaji ni kupanda kutoka wilayani kwenda jijini, watueleze safari hii ya Anko J aliyeiendea njia hiyo kinyume. Sisi twaona kwamba mtu yule hakushuka. Alipeleka ujuzi wa jiji kwa watu wa mkoa, nao wakampokea kwa jina lilelile la mjomba. Jina hilo lenyewe ni hoja. Watu hawakumwita mheshimiwa wala nyota. Walimpa cheo cha ukoo.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo lahusu lugha. Yasemwa kwamba mtangazaji wa wilaya akiachiwa atarudisha ukabila hewani. Tunaiheshimu hofu hiyo, maana umoja wetu haukuokotwa njiani. Kanuni za utangazaji za nchi hii zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine zitumike kwa idhini. Hatusemi kanuni hizo zivunjwe. Lakini twauliza: je, kulinda Kiswahili ni kuziziba pumzi lugha nyingine? Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoihutubia Jamhuri changa na kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilaumu hali ya Waafrika waliofundishwa kucheza dansi za kigeni huku ngoma zao wakizionea haya. Hakusema kwamba ngoma ya Mwiraqw iachwe ili Mwiraqw awe Mtanzania. Na Radio Tanzania yenyewe ilituma mafundi wake mikoani kurekodi ngoma za makabila, ikazipiga hewani katika lugha zake, na mtangazaji akazieleza kwa Kiswahili. Umoja haukuvunjika. Uliongezeka, kwa kuwa Mmakonde alimsikia Mgogo, na Mgogo akamsikia Mhaya.

Basi kazi hiyo ya kueleza ndiyo tunayoitetea. Mtangazaji wa Mbulu apigaye wimbo wa Kidatooga kisha akawaeleza Wairaqw kwa Kiswahili unasema nini, amefanya jambo ambalo mikutano mingi ya usuluhishi imeshindwa kulifanya. Jamii hizi mbili zimewahi kugombea malisho na mashamba kwa muda mrefu, na ugomvi huzidi pale mtu anapomjua jirani yake kwa jina la dharau tu. Wadatooga wameitwa Wamang'ati kwa miaka mingi, hata katika maandishi ya serikali, na jina hilo limetoka kwa Wamasai na maana yake ni adui. Wairaqw nao wameitwa Wambulu, kana kwamba watu ni mji. Mtangazaji anayejua kazi yake huwaita watu kwa jina waliloitwa na mama zao. Hilo ni neno moja tu, na halina gharama. Lakini likisemwa kila siku kwa miaka kumi hewani, litafuta matusi yaliyokaa vinywani mwa watu kwa karne nzima. Twauliza tena: hiyo siyo kazi ya utamaduni wa taifa?

Na ikiwa bado yupo asiyeshawishika, na aikumbuke asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakaporomoka hadi Katesh na vijiji vya Gendabi na jirani zake. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, nyumba zikafukiwa, barabara zikazibwa, na mamia ya familia zikabaki bila makao. Katika saa kama zile, mtu aliyeokoka anataka kujua mambo matatu: ndugu zangu wako wapi, niende wapi, na je, mlima utaporomoka tena? Maswali hayo hayajibiwi na wimbo mpya kutoka jijini. Hujibiwa na sauti inayokijua kila kitongoji kwa jina lake, ambayo watu wamekwisha izoea katika siku za kawaida kiasi cha kuiamini katika siku ya msiba. Imani hiyo haiwezi kununuliwa siku ya maafa. Hujengwa kwa salamu za kila siku, kwa matangazo ya ng'ombe waliopotea, na kwa nyimbo za jioni. Yeyote anayeyadharau mambo hayo madogo anavunja daraja ambalo kesho atalihitaji kulivukia.

Sasa twendeni kwenye deni lenyewe. Wadatooga wana desturi ambayo taifa zima lingepaswa kujifunza. Mzee mwenye heshima kubwa anapofariki, maziko yake hayamaliziki kwa siku moja. Hufanyiwa bung'eda, na kaburi lake hujengewa kichuguu cha udongo kinachopandishwa hatua kwa hatua kwa muda wa miezi, watu wakikusanyika tena na tena, hadi siku ya kukamilisha. Kaburi hilo huwa alama katika nchi. Watu huapa kwalo, huliombea, na huwaonyesha watoto. Kwa Wadatooga, basi, heshima ni kazi ya mikono inayofanywa kwa muda mrefu na watu wengi, na inayoacha kitu kinachoonekana.

Lakini historia ya Hanang yatufundisha pia upande wa pili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na zaidi katika miaka ya 1970 na 1980, nyanda za Basotu zililimwa mashamba makubwa ya ngano chini ya Shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada. Taifa lilihitaji mkate, na hatubishi. Lakini katika kulima huko makaburi ya wazee wa Kibarbaig yalipitiwa na matrekta, na alama zilizojengwa kwa miezi zikasawazishwa kwa asubuhi moja. Dereva wa trekta hakuwa na chuki. Hakujua tu kwamba kile kichuguu ni kitu. Ndivyo kumbukumbu zinavyokufa katika nchi yetu. Aghalabu haziuawi na adui, bali hupitiwa na mtu mwenye shughuli zake.

Na hilo ndilo linalotokea kwa sauti za watangazaji wetu. Radio Tanzania iliweka maelfu ya tepu za ngoma, dansi, hadithi na hotuba, na hazina hiyo ni miongoni mwa kubwa kabisa katika Afrika Mashariki. Hata hivyo tepu huzeeka, nazo zinahitaji fedha na mafundi ili ziokolewe. Kama hali ni hiyo kwa chombo cha taifa, hali ya kituo cha wilaya ikoje? Kituo cha wilaya aghalabu hakina maktaba ya sauti. Kipindi hurushwa hewani moja kwa moja na kupotea. Kikirekodiwa, hukaa katika kompyuta hadi ijae, kisha mtu mwenye haraka hukifuta apate nafasi ya matangazo ya biashara. Mzee aliyehojiwa juu ya mipaka ya kale ya koo, mama aliyeimba wimbo wa kusaga ambao wajukuu wake hawaujui, mtangazaji aliyewahoji wote wawili kwa adabu na subira: wote husawazishwa kwa kidole kimoja. Trekta lile bado linalima.

Wako watakaotuambia kwamba siku hizi kila kijana ana simu ya kurekodia, na kwa hiyo hakuna kinachopotea. Hoja hii inachanganya kurekodi na kuhifadhi. Kuhifadhi ni kujua nani alisema, lini, wapi, na kwa lugha gani, kisha kukiweka mahali ambapo mtu atakayezaliwa miaka hamsini ijayo ataweza kukipata. Simu huibwa, huanguka mtoni, na mwenyewe huibadilisha. Picha na sauti zilizotawanyika katika simu elfu hazifanyi maktaba, kama vile matofali elfu yaliyotawanyika hayafanyi nyumba. Profesa W. D. Kamera alipokusanya na kuchapisha hadithi za Wairaqw mwaka 1978, hakuwa na chombo bora kuliko simu ya leo. Alikuwa na jambo ambalo simu haina, yaani nia ya kuhifadhi na subira ya kuandika.

Hatuna budi kusema pia juu ya tumbo. Katika vituo vingi vidogo nchini, mtangazaji hufanya kazi kwa miaka mingi bila mkataba wa maana, akiitwa mtu wa kujitolea. Anajulikana na wilaya nzima lakini hana bima wala akiba ya uzeeni. Akiugua, wasikilizaji huchangishwa. Akifa, ndipo anapogunduliwa kuwa alikuwa nguzo ya jamii. Twasema wazi kwamba hotuba ya mazishi isiyotanguliwa na mkataba wa kazi ni unafiki. Mtu hawezi kuitwa nguzo akiwa jenezani na kibarua akiwa hai. Na pale ambapo mtangazaji ana njaa, ndipo wenye fedha wanapomnunua: mwanasiasa anataka ataje jina lake, mfanyabiashara anataka asifu dawa isiyotibu, msanii tajiri anataka wimbo wake upigwe mara kumi kwa siku. Siku sauti hiyo itakapohitajika kusema kweli juu ya mlima unaomeguka, itakuwa imekwisha uzwa.

Basi heshima ya kweli ni ipi? Twaona kwamba inajengwa kama bung'eda, hatua kwa hatua, na kila mmoja ana udongo wake wa kuleta.

Wenye vituo walete mkataba na ujira wa haki, na waweke kanuni kwamba vipindi vya mazungumzo na wazee, vya ngoma na vya hadithi havifutwi hadi nakala yake imewekwa mahali salama. Halmashauri za Mbulu na Hanang, kupitia maofisa wao wa utamaduni, ziwe na chumba kimoja na daftari moja la sauti za wilaya. Hatuombi jengo la fahari. Kabati lililofungwa vizuri na mtumishi anayejali vyatosha kuanzia. Vyuo vyetu viwatume wanafunzi wakaandike maisha ya watangazaji hawa wangali hai, wakiwauliza walijifunzaje kazi, nani aliwafundisha kutamka, ni wimbo gani watu waliuomba zaidi mwaka wa njaa na mwaka wa shibe. Shule za sekondari zisikilize sauti hizo katika somo la Kiswahili, ili kijana wa Haydom ajue kwamba ufasaha hauanzi wala hauishii pwani. Na mtangazaji mwenyewe asifiche ujuzi wake. Amchukue kijana mmoja, amkalishe kando yake, amfundishe lini aseme na lini anyamaze, maana kunyamaza kwa wakati wake ni nusu ya kazi hii.

Msikilizaji naye ana udongo wake. Kwa miaka mingi amepokea bure. Aandike barua, au atume ujumbe, si kuomba wimbo tu bali kusahihisha jina la mahali lililotamkwa vibaya, kuleta wimbo wa bibi yake urekodiwe, kulalamika kipindi cha wazee kinapopunguzwa ili kuongeza nafasi ya mchezo wa bahati nasibu. Jamii isiyodai redio njema hupewa redio yoyote.

Tunajua kwamba wapo watakaotuona tumekuza jambo dogo. Watasema nchi ina matatizo ya maji, barabara na dawa, na sisi twalilia sauti za watu wa muziki. Tunawajibu kwamba maji, barabara na dawa huhitaji watu wanaoaminiana kiasi cha kuvijenga pamoja, na kwamba katika nchi yenye lugha nne zisizofahamiana, kuaminiana huko kumejengwa na watu wachache wenye sauti. Vikundi vya Mtu ni Afya havikuchimba vyoo kabla ya kusikiliza. Walisikiliza kwanza.

Kwa hiyo tunadai, wala hatuombi, kwamba mtangazaji wa wilaya aingizwe katika hesabu ya wajenzi wa utamaduni wa taifa hili, pamoja na mshairi, mchonga vinyago na mpiga zeze. Tunadai kwamba atendewe hivyo akiwa hai, akiwa bado anaweza kusahihisha tunayoyaandika juu yake. Leo jioni, watu wakirudi kutoka mashambani na ng'ombe wakiingia zizini, redio zitafunguliwa katika nyumba za Mbulu na Hanang, na mtu mmoja atawasalimu wote kwa mara moja. Salamu ile irekodiwe, iandikwe tarehe, na itunzwe.